Mwewe Amebeba Mayai

"Mwewe, kushoto kidogo! Kidogo, nimesema! Huo mgomba!"

Zuleha alikuwa amekaa mkekani barazani, simu ameikamata kwa mikono miwili, jasho linamtoka puani utadhani ndiye anayepanda mlima. Kwenye kioo cha simu migomba ilipita, ikayumba, ikapita tena. Kando yake, rafiki yake Editha, aliyesoma naye chuo mjini Morogoro, alikuwa amekalia kigoda cha Bi Mosi, bibi yake Zuleha, akijifanya mtahini. Alikuwa hata amenuna kama mtahini.

"Taja kila hatua kwa sauti," Editha akaamuru. "Usipotaja, sifuri."

"Mwewe anapanda kuelekea zahanati. Upepo wa wastani. Mzigo ni mayai sita kwenye kikapu, badala ya dawa."

"Betri?"

"Kajazwa asubuhi mpaka kafurika."

Wote wawili wakaangua kicheko, na mtahini akasahau kununa.

Kesho yake ulikuwa mtihani wa vitendo wa cheti cha juu cha urubani wa droni, na Zuleha alikuwa anaurudia. Mara ya kwanza ndege ilipita nyuma ya kilima, mawasiliano yakakatika, naye akapiga yowe, akatupa rimoti na kujifunika uso. Ndege ikarudi yenyewe, ikatua kwenye chai ya mtahini. Chuo kizima kilicheka mwezi mzima, na aliyeisambaza hadithi hiyo ni Editha huyuhuyu.

Safari hii hapakuwa na mzaha. Kazi ya kupeleka dawa kwa droni vijiji vya milimani ilikuwa inamsubiri, ila isingemsubiri tena. Akifeli, atarudi kuuza mananasi ya mjomba wake sokoni Mkuyuni, na Zuleha aliyachukia mananasi hayo kwa moyo wake wote.

Ndege za chuo hazitoki getini. Ndiyo maana wiki nzima alikuwa akifanya mazoezi na Mwewe. Mwewe alikuwa wa zamani. Akipanda mlima alitoa mlio wa kukoroma, kukwepa matawi hakujui, na siku nyingine alikwenda alikotaka mwenyewe. Lakini heri kenda shika kuliko kumi nenda urudi, na kwa kubeba mzigo Mwewe hakuwa na mpinzani Uluguru nzima.

"Nimeweka nadhiri," Zuleha akasema. "Mayai yakirudi yote mazima, kesho naenda mjini. Likivunjika hata moja, siendi. Nitajua Mungu kanipangia mananasi."

"Wee! Punguza sauti," Editha akasema, akiionyesha simu kwa kidevu.

"Sipunguzi. Nadhiri ni nadhiri."

Mwewe akavuka kijito. Mbwa akamfukuza, Zuleha akapiga kelele, "Panda! Panda haraka!" na kioo kikatikisika mpaka Editha akashika tumbo kwa kucheka. Mwanamke aliyekuwa akianika mihogo akapunga mkono. Mzee mmoja akasimama kando ya njia, akainamisha kichwa kwa heshima. Milimani hakipiti kitu bila salamu.

Bati la bluu la zahanati likaonekana. Mwewe akazunguka mlingoti wa bendera, kama walivyopanga, akageuka kurudi. Zuleha akacheza kwa mabega palepale alipokaa. Mtahini naye akacheza, akainuka na kigoda kikaanguka.

Wakati wa kushuka, karibu na nyumba ya Mwinshehe mfuga kuku, kioo kikaonyesha udongo mwekundu uliolowa. Kisha anga. Kisha majani. Kisha hakikuonyesha kitu.

"Mawasiliano yamekatika," Editha akasema, na safari hii hakuwa anaigiza. "Rubani, utafanyaje?"

Yowe lilimpanda Zuleha mpaka kooni. Akalimeza.

"Natangaza kwamba mawasiliano yamepotea," akasema taratibu. "Sibonyezi kitu. Mwewe anaijua njia ya nyumbani. Naangalia upande atakaotokea, nasubiri."

"Unaogopa?"

"Naogopa sana."

"Lakini shosti, hujapiga yowe!"

"Sijapiga yowe!"

Wakakumbatiana, wakarukaruka barazani kama watoto waliosikia kengele ya likizo. Zuleha aliona raha mpaka machozi yakamtoka.

Wakasubiri. Wakasubiri mpaka ile raha ikaanza kuwaishia. Kutoka kwa Mwinshehe si mbali. Huko bondeni walisikia kuku wakipiga kelele, kisha wakanyamaza.

"Nikamfuate?" Editha akauliza.

"Tunasubiri. Ndiyo kanuni." Lakini Zuleha alikuwa ameshaanza kuyaona mananasi, yamepangwa mafungu mafungu, yanamtazama.

Hatimaye migomba ikatikisika.

Akatokea Bi Mosi, kikapu kichwani, simu imefungwa kwa kanga kwenye paji la uso, magoti yote mawili mekundu kwa tope, na unyoya wa kuku umemganda begani.

"Kesho unakwenda, mke mwenza," akasema huku akihema, akatua kikapu. "Mayai yako haya hapa, yote mazima. Hesabu."

Zuleha akahesabu. Yalikuwa saba, na moja lilikuwa bado la moto.