Mguu wa Mume Wangu Mtandaoni

Siku hizi, kidonda cha yeyote anayetibiwa na Wakala wa Afya lazima kionyeshwe mtandaoni mpaka kipone, ili umma ujifunze. Ndiyo maana afisa wao, Bi Tumsifu, alikuja na simu kuurekodi mguu wa mume wangu, Mzee Kiheri.

“Mama, kamua kidogo usaha utoke,” aliniambia. “Kikiwa kikavu watu hawatazami.”

Nilikamua huku nimebana pumzi. Mume wangu, ambaye zamani aliona haya hata kuvua shati mbele ya wageni, aliitabasamia kamera. Jioni alinisomea maoni ya watu.

“Wananiita shujaa, Mama Salha.”

Dawa ilifanya kazi. Kidonda kilianza kufunga, watazamaji wakapungua, na Bi Tumsifu akaacha kuja. Mezani, mume wangu akawa anasoma tena maoni ya zamani.

Jana nilimkuta jikoni anabandua kigaga kwa kisu cha vitunguu. Damu ilimchuruzika hadi kwenye vidole vya mguu.

“Nishikie simu,” alinisihi.

Nilikimbilia nje kutapika. Niliporudi, alikuwa ameiegemeza simu kwenye sufuria ya wali, anajirusha mwenyewe mubashara. Wakala ulikuwa umeshamjibu: “Hongera, mzee wetu. Endelea kuelimisha.”