Sikio Tupu

Siku hizi kila mwalimu huvaa kinong'onezi, kidude kidogo kinachomtajia sikioni kila sentensi ya kusema darasani. Mwalimu Sikudhani alikivaa tangu aajiriwe, na hakuwahi kukwama hata siku moja. Jumatatu ile mwalimu mkuu, Bi Mwanahawa, alimwita ofisini akanyoosha kiganja.

"Kivue, mwanangu. Nimehangaika sana wilayani mpaka wakaniruhusu. Kuanzia leo fundisha kwa kichwa chako. Mimi nakuamini."

Sikudhani alikivua akampa, akashukuru, machozi yakimlengalenga. Lakini alipoingia darasani na kufungua kinywa, hakikutoka kitu. Watoto walimsubiri kwa adabu. Mwishowe aliwaambia wachore chochote wanachopenda, akakaa akitazama dirishani mpaka kengele ikalia.

Jioni alikuwa uani akimenya viazi, binti yake Tatu akamvuta kanga.

"Mama, mbona tukitembea mwezi unatufuata?"

Sikudhani aliinamisha kichwa upande, kama alivyozoea kukisikiliza kinong'onezi, akasubiri. Alichosikia ni sufuria ikitokota na redio ya jirani. Alikumbuka kwamba zamani, kabla ya ualimu, wadogo zake walimuuliza swali hilohilo, naye akawaeleza mpaka wakacheka. Alikumbuka kicheko chao. Maneno yenyewe hakuyakumbuka.

Tatu alilitazama sikio la mama yake lililokuwa tupu, kisha akamshika mkono.

"Usijali, mama. Utaniambia wakikurudishia kidude chako."

Naye akainamisha kichwa upande, vilevile kama mama yake, wakasubiri wote wawili.