Mlango wa Gereji ya Baba

"Mtu akiwa ndani na mambo yakaharibika, atatokaje?"

Hilo ndilo lililokuwa swali la kwanza la binti, hata kabla fundi hajatoa futi yake mfukoni. Wateja wengine huanza na rangi. Fundi, mtu wa maneno mengi ambaye mtaa mzima ulimwita Bawaba, alimtazama, akautazama mlango wa gereji uliopindishwa na jua, akajua kwamba leo utani aupunguze.

Habari yenyewe aliijua. Nani asiyeijua? Miaka miwili nyuma, mchana wa jua la utosini, umeme ulikatika mji mzima. Mwenye nyumba alikuwa gerejini, mlango umeshuka. Umeme uliporudi jioni mkewe akabonyeza swichi, mlango ukapanda, na mzee akaonekana amelala kifudifudi pale pale kizingitini. Joto lilikuwa limemmaliza.

Mota ya mlango ule aliinunua binti. Ilikuwa zawadi, ili baba asihangaike na mgongo wake. Tangu mazishi hakuwa na raha tena. Kwenye duka la dawa alikofanya kazi, mji wa mbali, kila asubuhi mwenzake alipoinua shata la chuma, mwili ulimsisimka. Alisikia kiganja kikipiga bati, kikitua, kikipiga tena. Sasa alikuwa ameomba likizo kwa jambo moja tu: mlango ule uondoke.

Fundi akafungua kitabu chake cha picha juu ya boneti ya gari lake.

"Mbao tuziache, dada. Kwa ukame huu zinapasuka kama kisigino. Bati tupu ndilo hili mlilonalo. Na kwa rangi hii nyeusi, mbona unaweza kukaangia mayai..." Akajing'ata ulimi. "Samahani, dada. Mdomo wangu huu!"

"Endelea tu, fundi."

"Basi kuna huu. Chuma pande mbili, katikati povu gumu. Mweupe, jua linarudi lilikotoka. Chini kuna mpira, mchanga hauingii."

"Na hewa?"

Fundi akajikuna kisogo. "Hewa nayo haiingii."

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, gereji ameipa mgongo. Tangu asubuhi alikuwa amesema "wowote tu" mara tatu, basi. Sasa akaongea bila kugeuka.

"Wekeni matundu, lakini yawe chini. Juu ndiko joto linakojikusanya. Ikifika saa saba bati linaanza kulia, na kusimama huwezi. Unalala sakafuni, unaweka pua kwenye upenyo wa mlango. Hewa ya pale ina mchanga, lakini ni hewa."

Binti akamgeukia. Kumbe miaka yote hii miwili mama yake alikuwa akiishi humo ndani na marehemu, dakika kwa dakika, peke yake katika nyumba hii! Akaenda, akamshika bega.

"Mama, usijitese. Ulikuwa umelala chumba cha nyuma. Ungesikiaje?"

Mama aliupapasa mkono ule.

Wakachagua ule mweupe, wenye matundu chini, vioo viwili, na mpini kwa ndani. Fundi akaandika vipimo, kisha akaingia gerejini kuitazama mota kabla ya kuing'oa. Akabonyeza swichi. Mlango ukateremka ukilia, ukamfunika.

"Fundi!" binti akapiga kelele. "Fundi, toka!"

Ndani kukasikika mlio mmoja mkavu. Mlango ukainuka, na Bawaba akatokea chini yake, ameusukuma kwa mkono mmoja.

"Usiogope, dada. Nilikuwa naijaribu kamba ya dharura, hii nyekundu. Ukiivuta mota inaachia, unainua mwenyewe. Umeme uwepo, usiwepo." Akaitazama kamba, akakunja uso. "Ni nzima kabisa. Au mzee hakuijua?"

"Aliijua. Nilimwonyesha mimi mwenyewe. Aliivuta mbele yangu, akacheka."

 Binti aliikodolea macho kamba ile. Kama kamba ilikuwa nzima, na baba aliijua, basi alilala pale chini akingoja nini? Kwa mara ya kwanza wazo lilimjia kwamba pengine mzee hakutaka kutoka, na wazo hilo lilimwuma kuliko lile la mota.

Fundi akaushusha mlango tena, safari hii akiwa nje, ili aanze kulegeza skrubu. Mchanga ulikuwa umejaa kwenye kona ya chini. Akaufagia kwa kiatu, akasita, akachuchumaa na kuufukua kwa mikono.

"Na hili ni la nini tena?"

Lilikuwa komeo la chuma, nene kama kidole gumba, limepakwa rangi ile ile nyeusi ya mlango. Fundi akalisukuma. Likaingia kwenye tundu lake sakafuni, kimya, bila kukwaruza.

"Sijawahi kuona kitu kama hiki," akasema. "Komeo la nje mwizi analifungua tu, halimzuii. Hili linamzuia aliye ndani. Nani aliliweka?"

Binti hakuwa amewahi kuliona. Akageuka amwulize mama yake, akamkuta amekwisha simama, amewaelekea, macho makavu.

"Baba yako, mwanangu," mama akasema. "Yeye alilitumia tangu ulipohama nyumbani. Mimi nililitumia siku moja tu."