Kicheko Kwenye Kaseti

Fundi aliifufua kompyuta ya marehemu baba yake kwa vipuri vya kuokoteza, lakini iligoma kabisa kupokea mchezo uliokuwa kwenye kaseti. Akauchomoa waya uliopeleka sauti ya redio ya kaseti kwenye kompyuta na kuinyamazisha spika, asikie mwenyewe kasoro iko wapi.

Mapazia yalikuwa yamefungwa, na mwanga wa kijani wa kioo cha kompyuta ulielea sebuleni kama ukungu. Utepe wa kahawia ulizunguka taratibu ndani ya kaseti. Alitega sikio, akingoja ule mlio mkali ambao kompyuta za zamani ziliusoma kama programu.

Badala yake, baba yake akakohoa redioni.

"Nyamazeni basi, narekodi mchezo wa binti yangu."

Mlio ukaanza. Katikati yake, mtoto akaangua kicheko.

"Siku hizo hatukuwa na waya kama huo," mama yake alisema kutoka kwenye kochi, macho kayafumba. "Aliurekodi mlio kwa maikrofoni, nyumba nzima tumebana pumzi. Wewe ukacheka, ukamharibia mchezo."

"Sasa mbona hakuifuta, mama?"

"Muulize mwenyewe."

Kompyuta ilikuwa bado inasubiri, kimstari chake kikipepesa kwenye kioo.

Fundi akautia waya mfukoni, akairudisha kaseti mwanzo, akaongeza sauti.