Gari la Nusu Tani

"Panda tena," alisema Jamaldin, na hamali mnene akapanda tena nyuma ya gari. Jamaldin akaikunja kanzu yake, akachuchumaa, akazitazama springi. Hazikucheza hata kidogo. Akasimama akitikisa kichwa.

"Hili halifai."

Ogutu alikuwa dereva wa jeshi wakati wa vita, na sasa alikodisha magari makuukuu ya jeshi karibu na bandari ya Kilindini. Subira ilikuwa inamwishia.

"Mzee, hili ni la tani moja! Si umesema unataka gari la kuvuta tela la masanduku ya harusi?"

"Ndiyo. Nionyeshe jengine."

Harusi ilikuwa ya Zein, mwana wa pekee wa Jamaldin, ambaye kwa ajili ya Mwanabaraka alikuwa halali wala hali. Badawi, babake Mwanabaraka, hakuwa na neno na Zein. Neno lake lilikuwa masanduku ya nguo za biharusi. Binti wa jirani yake alipoolewa, masanduku ya bwana harusi yalikuja kwa gari lililolaza mkia mpaka likakwaruza njia, na tangu siku hiyo jirani hakuwa na hadithi nyingine barazani. Mtaa mzima ukajifunza kupima harusi kwa kutazama magurudumu.

"Mkono mtupu haulambwi," Badawi alituma kusema. "Nikiaibika mbele ya jirani yangu, kadhi atarudi kwake na Zein atarudi kwao."

Na huo ulikuwa mwaka ambao vita vimekwisha lakini nguo hazijarudi. Mtu alipanga foleni tangu alfajiri akitafuta doti ya leso, akarudi nyumbani na kitambaa cha kufutia jasho, tena akashukuru.

Ogutu akaona bora amfundishe mteja wake.

"Sikiliza, mzee. Watu huuliza gari lina nguvu gani ya kuvuta. Hawaulizi linaweza kubeba nini mgongoni. Ukifunga tela, pua yake inaikalia ndoano, na uzito huo ni wa gari. Dereva ni mzigo. Abiria ni mzigo. Kikapu cha abiria ni mzigo. Toa vyote hivyo kwenye tani yako, ndipo ujue umebakiwa na nini."

Jamaldin akageuka. "Hata abiria?"

"Abiria hasa! Hao ndio husahauliwa. Watu hudhani binadamu hana uzito kwa sababu anapanda mwenyewe."

"Wallahi, hilo sikuwa nikilijua." Kwa mara ya kwanza siku ile Jamaldin akatabasamu. "Sasa, lililo dhaifu kuliko yote ni lipi?"

Lilikuwa limesukumwa ukutani, la nusu tani, na springi zake zimechoka kama kitanda cha nyumba ya wageni. Hamali akaweka mguu mmoja tu, gari likainama.

"Hili!" Jamaldin akapiga makofi.

"Mzee, hili ukilifungia tela na kupakia watu, litakaa chini kama kuku anayeatamia!"

"Ndilo nilitakalo."

Ogutu akamkabidhi gari kwa huruma. Kuna watu ukiwaeleza jambo likaeleweka, hufanya kinyume chake papo hapo. Aliwaona wengi jeshini, na karibu wote walikuwa na vyeo.

Ijumaa baada ya alasiri masanduku yalipelekwa. Yalikuwa makubwa, ya misumari ya shaba, kila moja na kufuli yake, na tela lilifunikwa mashuka meupe hadi chini, hata magurudumu yake hayakuonekana. Nyuma ya gari walipanda shangazi zake Zein na pembe zao za kupigia vugo, ngoma ya harusi, kama ilivyo ada. Aliyetaka kutembea, Jamaldin alimsihi apande. Mwanakuu, mkubwa wao kwa umri na kwa mwili, Jamaldin alimchagulia mahali mwenyewe.

"Kaa huku mwisho kabisa, dada, juu ya ndoano. Huku kuna upepo."

Gari likapita Ngome ya Yesu mkia ukitoa cheche. Walipoingia Mji wa Kale, madirisha yote yalifunguka.

"Tazameni magurudumu!"

"Hiyo ndiyo mali, jamani!"

Jirani wa Badawi alichungulia, kisha akafunga dirisha lake kwa kishindo.

Mlangoni shangazi wakashuka wakipiga vugo, na kila mtu akawatazama wao. Jamaldin peke yake aliliona gari likijiinua. Akakimbilia kwenye tela.

Badawi alikuwa amefika kabla yake.

"Waache mahamali washushe, bwana," Jamaldin alisema.

"La. Sanduku la kwanza hupokewa na baba wa biharusi kwa mkono wake. Ndiyo ada yetu."

Jamaldin alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa hilo. Alimwona Zein akirudi nyumbani peke yake, akatamani ardhi immeze.

Badawi aliupa mtaa mgongo, akaingiza mkono chini ya shuka, akashika mpini wa sanduku kubwa kuliko yote, akasema bismillahi, akavuta. Sanduku likainuka kwa vidole viwili. Ndani, kitu kimoja kidogo kiliteleza kutoka upande huu, kikagonga upande ule.

Wazee wawili wakatazamana. Vugo likanyamaza. Badawi akageuza shingo polepole, akaliona dirisha la jirani limefunguka tena, nafasi ya jicho moja.

Akalirudisha sanduku chini taratibu, akajishika kiuno.

"Yallah, mgongo wangu!" akapiga ukelele wa kusikika hadi ngomeni. "Leteni mahamali sita!"