Kichwa cha Dubu

"Usiniite jirani! Jirani gani anakuja kunifukuza kazi mlangoni kwangu?"

Msimamizi alishusha sauti, maana milango karibu yote ya ghorofa ilikuwa imeshafunguka. "Dada, sheria ya kampuni unaijua. Ukishavaa vazi la dubu, huongei, na kichwa hukivui. Wewe umekivua katikati ya bustani ya michezo, watoto mia mbili wanatazama! Umemuua dubu!"

"Katoto ka watu kamepotea, kanalia mpaka kanakosa pumzi, mimi nikapungie mkono tu?"

"Ungebonyeza kengele."

"Nilibonyeza mara tatu! Mlikuwa kikaoni, mnachagua mfanyakazi bora wa mwezi!"

Korido nzima ikaangua kicheko. Yule dada hakucheka. Alivuta kola ya blauzi akamwonyesha shingo, pale ukingo wa kile kichwa unapokaa kutwa. Ngozi ilikuwa imechubuka mduara mzima, mbichi, inatoa maji.

"Miaka sita, bwana. Na kazi naipenda, ndicho kinachoniuma. Watoto wakinikimbilia, nasahau hata joto. Haya, weka sahihi yako, watu waone."

Msimamizi akaibana ukutani barua ya kumfukuza kazi. Kalamu ikagusa karatasi, ikasimama.

Mlango wa pili, wa nyumbani kwa msimamizi, ukafunguliwa. Mkewe alitoka na mwiko mkononi, akaitazama ile shingo, kisha akamgeukia mumewe.

"Saini, baba, usituonee haya. Ukimaliza, ukale huko huko kwa kampuni." Akamshika jirani yake mkono. "Mdogo wangu, pita ndani tule."