Bluu ni Maji

Bendera zilifumwa kwa uzi usiojua uongo: misitu ikifyekwa, kijani kinapauka, mito ikikauka, bluu inapotea. Wakubwa hawakupanda hata mche mmoja. Waligawa rangi, wakaamuru kila nyumba ichovye bendera yake kila Jumamosi.

Tunu alimimina ndoo yake ya mwisho ya maji kwenye beseni la rangi, akasonya. Chumbani mumewe, mgonjwa wa homa, aliomba maji kwa mara ya tatu.

Mjumbe wa mtaa akaja, akaikagua bendera kambani. "Bluu maana yake nini, mama?"

"Maji."

"Vizuri sana."

Tunu akachota kikombe kwenye lile beseni, akampa mgeni kwa mikono miwili. "Karibu maji, mjumbe."

Mjumbe akayanywa yote, akafuta midomo yake ya bluu, akaomba mengine.